Jina Utakaloitikia Miami

Nashipai mwanangu,

Barua za zamani zilianza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua, maana asubuhi umemaliza mandazi yote na bado ukalalamika kwamba chai ina tangawizi nyingi. Yangu mimi ndiyo sijui niielezeje. Tangu pikapu ya mjomba wako iwachukue kwenda Kajiado kumuaga koko, mama yangu mzazi, nimekuwa mtu wa kukaa na kuinuka. Nimefagia uwanja uliokuwa umefagiwa. Nimefungua sanduku lako nikakunjua nguo ulizokunja ili nizikunje vizuri zaidi, nikashindwa kukufikia, nikazirudisha jinsi zilivyokubali. Duka nimelifunga. Mtu amekuja mpaka langoni kutafuta dawa ya kupe, nikampitishia kwenye tundu la geti kama muuza chang'aa, naye akaniuliza, "Mama Nashipai, kwani uko mgonjwa?" Nikamwambia hapana, nina msichana anayesafiri kesho. Akasema, "Basi hiyo ni ugonjwa pia," akaenda zake.

Sasa nimekaa mezani na kalamu. Nina muda mpaka mtakaporudi, na najijua, ukiingia kabla sijamaliza nitaificha hii karatasi chini ya kitambaa na haitaonekana tena. Kwa hiyo nitaandika haraka, na mwandiko ukiharibika univumilie.

Sikuandikii habari za koti la kuvaa ndegeni, wala za kuweka pasipoti karibu na mwili. Hayo umeyasikia hadi umeanza kuyasema pamoja nami kwa kunibeza. Nakuandikia kuhusu jambo moja litakalokukuta huko. Lilinikuta mimi kabla yako, nikalishindwa, na nimelishindwa kila siku tangu hapo.

Shangazi yako, dada ya baba yako, amesema Jumapili ya kwanza baada ya kufika Miami kutakuwa na misa, kisha chakula nyumbani kwa nyanya yako, mama yao. Jamaa wote watakuja kumwona mtoto wa Kenya. Watakushika mashavu, watakulisha wali na maharage yaliyokaangwa pamoja, na ndizi, na usiseme umeshiba, maana huko kama kwetu hilo si jibu. Baada ya kula watasimama na kutaja majina ya wafu wao. Mmoja anataja jina, wengine wote wanaitika, "Presente." Ni kama nyinyi mlivyokuwa mkiitika shuleni mwalimu akisoma rejista. Maana yake, yupo. Wanaanza na wa zamani, waliokufa kwa vita na kwa tetemeko huko Nikaragua, kisha wanashuka hadi waliofia Amerika. Mwishowe watafika kwa baba yako. Watataja jina lake lote, halafu watanyamaza kidogo, kwa sababu wa kwanza kuitika anatakiwa kuwa wa nyumba yake. Watakuangalia wewe.

Mara ya kwanza walipomngojea mtu aitikie jina hilo, mtu huyo alikuwa mimi. Hawakusikia kitu.

Nianzie mbali kidogo. Baba yako alikuja Kajiado na watu wa kuchimba visima, nami nilikuwa msichana aliyemaliza shule akakosa karo ya kuendelea, nikachukuliwa niwe mkalimani wao wa Kimaasai. Siku ya kwanza wazee walimkalisha kwenye kigoda, wakamuuliza yeye ni wa nani. Unajua kwetu mgeni haulizwi anafanya kazi gani. Anaulizwa ukoo. Akasema yeye ni Mmarekani. Wakasema hiyo wameiona kwenye ngozi, sasa ukoo. Akafikiri, akasema watu wake ni Wamarekani waliotoka Nikaragua, akaanza kuwahesabu. Kuna mmoja, akasema, anarusha mpira wa besiboli kwa kasi ambayo jicho haliufuati. Kuna mwanamke ambaye mama yake alifua mashuka hotelini, na leo ni jaji, watu wanasimama akiingia. Kuna daktari anayepasua moyo wa mtoto mchanga na kuushona. Kuna mwingine aliyesaidia kuunda mitambo ya chombo kilichokwenda angani. Na mwigizaji, na bondia, na mwanamke anayeimba kwa lugha mbili. Alihesabu kwa vidole hadi vikaisha.

Mimi ninatafsiri tu, jasho linanitoka. Mzee mmoja akauliza huyo anayerusha mpira anamrushia nani. Nikasema anamrushia mwenzake aliyeshika gongo. Mzee akafikiri, akauliza, "Na huyo mwenzake alimkosea nini?" Wazee walicheka hadi mmoja akadondosha fimbo. Baba yako alicheka zaidi yao wote, ingawa nilikuwa sijamtafsiria. Hapo ndipo nilipomtazama vizuri mara ya kwanza.

Baadaye aliniambia kwa nini alijibu vile. Mama yake alivuka kwenda Amerika akiwa na mtoto mgongoni na hakujua neno la Kiingereza. Alisafisha vyumba vya watu, akapika mikate, na kila Mnikaragua aliyetokea gazetini alimkata kwa mkasi akambandika ukutani sebuleni. Jaji yuko pale, mrusha mpira yuko pale, na daktari pia. Jioni alimsimamisha kijana wake mbele ya ukuta amtajie mmoja mmoja na alichofanya. Hakuwa na ng'ombe wa kumrithisha, wala shamba, wala kaburi la babu. Alikuwa na ukuta ule tu. Baba yako aliniambia aliupenda na aliuogopa, kwa sababu kila akiutazama aliona nafasi iliyoachwa kando ya jaji, na alijua ni ya nani.

Akakimbilia huku kwetu kuchimba mashimo. Alisema shimo lina ukweli wake, ama maji yapo ama hayapo.

Nimeinuka tena. Lori la maji limepita likapiga honi kwa jirani, mbwa akabweka, nikatoka kuchungulia nikidhani ni nyinyi. Siyo nyinyi. Nimerudi.

Unajua alivyokufa, hilo sikukuficha. Ulikuwa hujaanza kutembea. Walikuwa wanateremsha mtambo kwenda upande wa Magadi, na walipopita Kona Baridi breki zikakataa. Mwili ulirudishwa Miami kwa mama yake. Sisi hatukwenda, wewe ulikuwa na homa ya mapafu na mimi sikuwa na karatasi za kusafiria. Nilibaki bomani kwa koko wako nimekufunga mgongoni, kifua chako kinakoroma kama paka, nami nikisikia wanawake wakinong'ona kwamba huyu mtoto atamfuata baba yake.

Koko akaniita nyuma ya nyumba. Unamjua koko, anakwenda kanisani na kofia nyeupe kichwani, lakini kuna mambo hakuyaacha mlangoni alipobatizwa. Aliniambia kijana akifa mapema, jina lake linalala naye. Halitajwi. Ukilitaja unakiita kifo kirudi kutazama kilisahau nini, na katika nyumba ile kilichosahauliwa kilikuwa wewe. Mchungaji wetu husema hayo ni ya kale, na kwenye mazishi siku hizi majina yanasomwa kwa kipaza sauti. Mimi nilikuwa na mtoto anayekoroma. Ningeambiwa nile udongo ningekula.

Siku ya tatu baada ya koko kuniambia hayo, simu ikalia. Ilikuwa Miami. Walikuwa wamemaliza kuzika, wamejaa ukumbini, na shangazi yako akaniambia kwa Kiingereza kwamba wameiweka simu katikati ya meza ili nami niwe pamoja nao. Nikasikia majina, na baada ya kila jina watu wengi wakiitika kwa pamoja. Sikuelewa lugha lakini nilielewa kinachofanyika, kwa sababu baba yako alikuwa amenisimulia. Kisha nikasikia jina lake. Alilitaja mama yake mwenyewe, nikamjua kwa sauti, kwa sababu sauti ilipofika katikati ya jina ilivunjika. Halafu kimya. Walikuwa wananingojea.

Nashipai, koko alikuwa ameketi mbele yangu. Alitikisa kichwa tu, mara moja. Wewe ulikohoa mgongoni. Neno lenyewe nililijua, lilikuwa limefika kwenye ulimi. Nyanya yako akalitaja jina tena. Nikaziba mdomo kwa mkono wangu. Nadhani walisikia mbuzi, na kikohozi chako, na hakuna mtu. Akalitaja mara ya tatu, na hiyo mara ya tatu haikuwa sala tena, ilikuwa hasira. Simu ikakatika.

Alichoelewa yule mama ni kwamba mke wa mwanawe amekataa kusema mumewe yupo. Kwao hilo ni kumzika mtu mara ya pili. Kwetu kulitaja lingekuwa kukuzika wewe. Hapakuwa na mkalimani wa jambo hilo. Mkalimani nilikuwa mimi, na mdomo wangu nilikuwa nimeuziba.

Ulipona. Sasa niambie, mtoto akishapona, nani anathubutu kwenda kujaribu kama ile dawa ilikuwa dawa kweli? Nikaendelea kunyamaza. Barua niliandika moja kumweleza nyanya yako, ikawa inasema mambo ya hali ya hewa na uzito wako, nikaichana. Kimya kikawa kirefu hadi kikawa na mizizi. Ulipoanza shule nilikuandikisha kwa jina la babu yako, baba yangu, kwa sababu nilifikiria mwalimu akisoma rejista kila asubuhi, na wewe ukiitika kila asubuhi, nikaona hiyo ni kumwita mfu mbele ya darasa zima. Watu walidhani nimekasirikiwa na upande wa mume. Niliwaacha wadhani.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo hakuna aliyenishauri nilifanye. Ulianza kuuliza baba yako alikuwa nani. Sikuweza kumtaja, na nilipoanza kumweleza bila kumtaja nililia, nawe ukilia ukiniona ninalia. Basi nikakupa ukuta. Nikakuambia watu wa damu yako ni kina nani. Mrusha mpira, jaji, daktari wa mioyo, mwenye chombo cha angani. Nilikusimulia kwa mikono, nilizidisha chumvi, nilimfanya jaji awe mrefu na mrusha mpira awe mtu wa maombi. Ukishindwa na hesabu za sehemu ningekuambia, "Kuna mtu wa damu yako amepeleka chuma angani, na wewe kugawa chungwa kunakushinda." Nilijiona mama hodari. Wanawake wa kanisani walinisifu kwamba nakupa watu wa kuiga.

Mpaka mwalimu wako wa darasa la nne akaniita. Alinikalisha kwenye kile kiti kidogo cha watoto, akanionyesha picha uliyokata kwenye gazeti kuukuu la dukani kwangu. Mwanamume mweusi mrefu aliyevaa kofia ya besiboli, sijui hata alikuwa wa nchi gani. Ulikuwa umewaambia darasa zima huyo ndiye baba yako. Uliwaambia anarusha mpira Amerika na atakuja siku ya wazazi. Siku ya wazazi ilikuwa imefika, hakuja, na watoto walikuwa wamekucheka. Mwalimu aliniuliza kwa upole, "Mama, kwani baba yake ni nani hasa?" Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya nyumbani.

Unakumbuka nilichofanya tulipofika nyumbani. Nilikuchapa kwa uongo. Uliniuliza katikati ya kulia, "Basi ni nani? Si uniambie ni nani." Nikakuchapa tena kwa kuuliza. Sina la kupamba hapo. Nilikuwa nimekunyima mtu mmoja, nikakujazia nyumba watu mashuhuri, halafu nikakuadhibu kwa kuchagua mmoja wao. Kila nikipita pale shuleni hata leo naangalia upande wa pili wa barabara.

Chai yangu imepoa. Nimeipasha, nimeisahau jikoni, imepungua hadi imekuwa dawa. Nainywa hivyo hivyo.

Wewe ulilinyamazia jambo hilo miaka, kisha ulipomaliza kidato cha nne ukafanya mambo yako kwenye simu bila kuniambia, ukampata shangazi yako. Sijawahi kukuambia nilivyojisikia. Nilijisikia kama mtu aliyefungiwa chooni akasikia mtu anafungua kwa nje. Siku ile ya kwanza mlipoongea kwa video nilikuwa jikoni nimeshika sufuria, nikachungulia juu ya bega lako. Nikauona ukuta. Ulikuwa vilevile alivyonisimulia, kila mtu mahali pake. Na kando ya jaji niliona picha ya kijana mwenye matope hadi kwenye nyusi, nyuma yake maji yanaruka kutoka ardhini na wazee wetu wamesimama wakitazama juu. Nilijua picha ile. Aliyeipiga ni mimi, kwa kamera yake, kidole changu kiko pembeni.

Ulimwuliza shangazi, "Huyo ni nani?" Naye akashangaa. Alikuambia, "Mtoto wangu, huyo ni baba yako." Nikatoka nje nikafagia uwanja. Ndiyo, hiyo ndiyo sababu nafagia sana.

Halafu pasipoti. Cheti chako cha kuzaliwa kilikuwa na jina lake kwa sababu tulikiandikisha akiwa hai. Karani aliyasoma majina yako yote kwa sauti kubwa kama anayeuza mnadani, na mimi nikatoka mbio. Ulinikuta nimekaa kwenye ngazi. Nikasema ni joto. Ukakaa kando yangu, hukunigusa, ukasema, "Mum, ni jina tu. Hakuna mtu amekufa." Nilitaka kukuambia kwamba kuna mtu amekufa, ndiyo shida yenyewe. Sikusema. Lakini nilipofika nyumbani sikulala vizuri, na wiki iliyofuata nilifunga duka nikapanda gari hadi kwa koko.

Nilimkuta anakama. Sikuzunguka. Nikamwambia Nashipai anaenda kwa watu wa baba yake na huko wanataja wafu, watataja jina, na watamtaka aitike. Nimwambie afanye nini? Aitike apatwe na mabaya, ama anyamaze wamchukie walivyonichukia mimi?

Koko hakuacha kukama. Akaniambia, "Kwani huyo mtu hakuacha mtoto?"

Nikamwambia, "Si ndiye huyo Nashipai."

"Basi. Mtu ameacha mtoto, jina lake liko na mwenyewe. Ni la kufungiwa tu wakati mtoto ni mdogo, hajashika ardhi. Akikua ni lake, analitaja, hata anaweza kumpatia kijana wake. Huyu sasa hajakua? Ako na miguu mirefu hivi, anapanda ndege."

Nilisimama pale nikiwa nimeshika mkia wa ng'ombe, sijui hata nilikuwa nimeushika kwa nini. Nikamwuliza, "Yeyo, mama, mbona hukuniambia? Miaka yote hii?"

Akainua uso akaniangalia, na niliona kwamba hakuwa akinitania. "Hukuuliza," akasema. "Nikafikiri ni wewe hutaki kumsikia. Hata mimi nilikuwa nampenda huyo kijana. Nilikuwa nangoja ulitaje wewe, ndiyo na mimi nilitaje."

Umesikia hiyo, Nashipai? Mimi niliyebandika dukani karatasi kubwa kwamba kuuliza si ujinga, ili wateja wasiwape ng'ombe dawa ya mbuzi. Mimi nilibeba katazo lililokuwa limekwisha muda wake, kama mtu anayeogopa mbwa aliyekufa zamani kwa jirani. Koko alikuwa ananingoja mimi. Mimi nilikuwa namwogopa yeye. Na kule Miami mama wa watu anasafisha fremu ya picha akidhani tumemkana mwanawe. Wanawake watatu, kila mmoja akimpenda, na kila mmoja akidhani wenzake wamemtupa.

Nilipanda gari kurudi nimekasirika. Nilimkasirikia koko hadi Isinya. Kutoka Isinya hadi Kitengela nilijikasirikia mwenyewe, na hasira hiyo ndiyo iliyobaki.

Kwa hiyo sina mawaidha mengi ya kukupa, na ukikuta mahali nimeanza kuhubiri uruke mstari. Nina haya tu. Ukipewa katazo, uliza linaisha lini. Uliza hata kama aliyekupa ana uso wa kutisha. Langu lilinigharimu utoto wako.

Na kuhusu ule ukuta. Nyanya yako atakusimamisha mbele yake, atakutajia mmoja mmoja. Msikilize hadi mwisho, usionyeshe kwamba unawajua. Wale ni watu wa kweli na walifanya makubwa, na wengi wao mama zao walikuwa wakifua nguo za watu huku wakiwasimamia wasome. Una haki ya kujivunia hao. Lakini mimi niliwatumia vibaya, niliwafanya fimbo, na nisingependa uingie katika nyumba ile ukitafuta nafasi ya picha yako. Umechagua kusomea kunyoosha watu viungo. Mwanzoni nilinuna, nilitaka jaji, najua uliliona hilo usoni mwangu. Nimeacha kununa. Koko ana goti na mimi nina mgongo, na hakuna jaji aliyewahi kutusaidia hapo.

Pale Kajiado kile kisima alichochimba baba yako bado kinatoa maji. Injini imebadilishwa, mnara wa tangi umepakwa rangi upya, na watu wanakiita Maji ya Mgeni kwa sababu jina lenyewe sikuwaruhusu walitaje. Vijana wanaonywesha ng'ombe pale hawajui alikuwa nani. Umeoga maji yale kila likizo na mimi nikakuambia ni kisima cha serikali. Mwambie nyanya yako kwamba bado yanatoka. Nadhani atapenda kusikia hilo kuliko salamu zangu, lakini salamu pia mpe. Mwambie kwamba siku ile ya simu nilikuwa nimeziba mdomo kwa mkono. Mwonyeshe nilivyofanya, wewe una mikono kama yangu. Kisha umweleze kwa nini, na akikasirika mwache akasirike, ana haki yake.

Nikuambie na ninaloliogopa, maana nisipoliandika nitaanza kufagia tena. Naogopa utampenda. Naogopa utakaa katika nyumba ambamo baba yako anatajwa kila Jumapili, utaona jinsi ilivyo rahisi, neno moja tu, na utajiuliza ilikuwaje mama yangu akanifungia hili. Utakuwa sahihi kujiuliza. Na labda hutataka kurudi kwa mtu wa namna hiyo. Sikuombi uahidi chochote. Nakuomba tu siku ile, jina likitajwa, usitafute uso wangu kwenye simu ili nikupe ruhusa. Simu izime. Ruhusa ni yako, na imekuwa yako tangu uliposhika ardhi kwa miguu yako. Itika.

Nilisema moyoni kwamba sitamaliza barua hii kabla sijajaribu kulitaja mwenyewe. Nimesimama sasa hivi katikati ya jikoni, mlango nimeufunga kama mwizi, mbwa ananitazama. Mara ya kwanza jina halikutoka. Mara ya pili lilitoka nusu. Nikanywa ile chai chungu nikaanza upya.

Evelio Antonio Mairena.

Hakuna kilichoanguka. Jokofu limeendelea kunguruma. Nimelitaja tena kwa sauti kubwa zaidi, na nilipomaliza nikagundua nimenyamaza, nimesimama nangoja, kama walivyoningoja wao. Nikaitika mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa sababu hiyo ndiyo lugha aliyonitongozea, tena vibaya. Yupo. Nimelia, lakini kilio cha kawaida, cha kufuta kwa leso na kuendelea na kazi.

Nasikia honi. Hii ni pikapu, naijua, ile honi yake iliyopasuka. Mjomba wako anapiga kelele nifungue geti, wana mzigo, bila shaka koko amewapa mbuzi mzima kana kwamba ndege ni lori. Hii barua naiweka chini ya nguo zako, upande uliokunjwa vibaya.

Nakuja kufungua. Nikifungua nitakuita kwa majina yako yote, Nashipai Evelio Mairena, hapo hapo getini, majirani wasikie. Na wewe uitike.

Mama yako